Presi ndogo ya mkono: tundu moja la milimita 10 limenitosha kuliko presi kubwa

Wakuu habari za kazi. Mi ni fundi mota, nasuka mota za pampu za maji, feni, grainda, dinamo, na siku nyingine vijana wa bodaboda wananiletea vitu vyao pia siwafukuzi. Nataka nieleze kuhusu hii presi ya mkono, ile ya meno, ambayo mafundi wengi wanayo imekaa pembeni na vumbi kwasababu waliinunua wakaona haina faida, wakarudi kwenye nyundo na kipande cha bomba.

Kwa ambaye hajaiona, ni ile ya chuma cha kusubu ya umbo kama herufi C, juu ina nguzo ya mraba yenye meno upande mmoja, kuna gia ndogo inayozungushwa na mkono mrefu, ukivuta mkono nguzo inashuka. Chini kuna sahani ya duara yenye mapengo ya upana tofauti tofauti. Haitumii umeme wala oili wala jeki. Yangu inaitwa ya tani moja na nguzo yake ni kama inchi moja kwa inchi moja. Watu wanadharau kwamba kitu kidogo hivyo tani moja itatoka wapi, ila hesabu yake ni nyepesi tu, mkono ukiwa na sentimita 40 na gia ina nusu kipenyo cha sentimita moja basi nguvu yako inazidishwa mara 40, ukivuta kwa uzito wa kilo 25 tayari ni kilo 1000 pale chini, toa kidogo ya msuguano. Beringi ya mota ya nyumbani haihitaji hata nusu ya hapo.

Kwahiyo nguvu ipo. Kinachokosekana ni mikono. Fikiria unataka kuingiza beringi 6202 (hiyo ni namba ya saizi yake) kwenye shafti ya rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, mkono mmoja umeshika rota isilale, mwingine umeshika kipande cha bomba juu ya beringi kisiteleze, sasa wa kuvuta presi unautoa wapi? Unamwita dogo, dogo anakuja anashika huku anaangalia simu, bomba linalala kidogo, beringi inaingia upande, basi. Na pua ya presi, yaani ncha ya chini ya nguzo, inavyotoka kiwandani ni bapa tupu, haishiki chochote, kila unachotaka kukandamiza lazima kisimame chenyewe katikati. Hapo ndo watu wengi wanasema presi mbaya na wanaanza kutafuta hela ya ile kubwa ya jeki ya tani 20, ambayo nayo ukiifikisha karakana ina pua bapa vilevile.

Dawa yake ni kuipa pua tundu. Basi. Ukitoboa ncha ya nguzo tundu la milimita 10 na ukaweka skrubu ya kubana kwa ubavuni, chochote chenye mkia wa milimita 10 kinaning'inia hapo chenyewe, kiko katikati, kimenyooka, na wewe unabaki na mikono miwili ya kazi.

Kwanini 10 na sio 12 au nusu inchi? Kwanza nguzo ya inchi moja ukiitoboa sana unaila nyama, na kumbuka upande wenye meno tayari nyama imepungua. Pili, na hii ndo sababu yenyewe, bolti ya M10 ya kawaida, ile ambayo haijakatwa nyuzi mpaka juu, shingo yake ni milimita 10 kasoro kidogo sana. Maana yake kila bolti ya M10 ngumu, ile iliyoandikwa 8.8 kichwani, ni kichwa cha presi ambacho hakijamaliziwa tu. Unakata nyuzi unatupa, unabaki na shingo, shingo inaingia kwenye tundu na kile kichwa cha spana 17 kinabaki nje kimekaa kwenye pua. Unaweza ukakikereza, ukakichomelea kitu, ukakisaga upendavyo. Bolti zipo kila duka la vifaa, hutafuti chuma maalum cha kuagiza.

Sasa utoboaji. Hapa ndo watu wanaharibu. Nimewahi kuona presi ya jamaa ambaye alienda kuchomelewa nati kwenye pua ili awe anafunga bolti, nati ikakaa upande, halafu moto ukaipinda nguzo kidogo ikawa ikipanda nusu inakwama, inabidi aigonge kwa chini irudi. Usichomelee nguzo. Ichomoe kabisa (unalegeza ile bamba ya mbele, unazungusha mkono mpaka meno yaachie, inatokea juu) uipeleke kwa fundi wa kukereza. Mi nilipeleka Gerezani, ule mtaa wa Dar es Salaam, pale mafundi wa kukereza hawakosekani, ila sio kila mmoja anataka kazi ndogo ya namna hii na wengine watakwambia wakupigie drili ya kusimama fasta uondoke. Kataa. Mwambie unataka ifungwe kwenye mashine ya kukereza, kwenye ile chaki (kishikio cha mashine) ya taya nne ambayo kila taya inakaza peke yake, kwasababu nguzo ni ya mraba, ile ya taya tatu haiwezi kuishika. Aweke saa ya kupimia (ile yenye mshale inayoonyesha tofauti ndogo ndogo) aizungushe kwa mkono mpaka pande zote nne zisome sawa, upande wa meno anapima juu ya vichwa vya meno. Akishapata kati, kwanza anakwangua uso wa pua uwe flati kabisa, hiyo peke yake ni nusu ya faida maana pua za kiwandani nyingi zimekatwa kwa msumeno na kupakwa rangi tu. Halafu anaanza na drili ya senta, anafuata ndogo, anapanda mpaka 9.8 na anamalizia na rima ya 10, ile ya kusafisha tundu lifike kipimo kamili. Kama hana rima basi 9.5 kisha 10 taratibu na oili nyingi, sio mbaya. Kina cha milimita 30 kinatosha, hakuna sababu ya kwenda ndani zaidi.

Skrubu ya kubana ni M6 ile isiyo na kichwa, ya kukaza na alenki (ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya skrubu). Drili 5, tapu (ya kukatia nyuzi) ya M6. Weka upande wa mbele usio na meno, kama milimita 12 hivi kutoka puani, na hakikisha skrubu ikikazwa inazama yote ndani. Ikitokeza hata kidogo utakuja kuinua nguzo juu, skrubu inagonga kwenye mwili wa presi, na uso wa nguzo unaanza kuchubuka.

Kitu kingine muhimu kuliko hivyo vyote, ile skrubu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuzuia kichwa kisidondoke, mwisho. Mzigo unatakiwa upite kwenye bega, yaani kichwa cha bolti kikae flati juu ya pua na ndo kisukume, mkia ndani ya tundu uwe mfupi kuliko tundu usiguse mwisho. Ukitengeneza kichwa kisicho na bega, mwembamba kama msumari tu, nguvu yote inaenda kwenye mkia na skrubu, mkia unavimba ndani ya tundu na hautoki tena. Na pale skrubu inapobana kwenye mkia usipaache hivihivi, maana skrubu ikikaza inainua kinundu kidogo cha chuma na kile kinundu ndo kinakuja kukwama. Chimba mfereji mdogo kuzunguka, au saga bapa kidogo. Vya kusukuma beringi mi naweka mfereji wa kuzunguka ili kichwa kiweze kujigeuza, vya kukunjia bati au kugonga namba naweka bapa ili kisizunguke.

Hujamaliza, maana tundu zuri kwenye nguzo iliyolegea ni kazi bure. Presi nyingi za bei yetu nguzo imelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, ukiisukuma na kidole inacheza mbele nyuma. Ile bamba ya mbele ina bolti nne, na nyingine zina skrubu za kurekebisha. Vua, angalia ndani, utakuta rangi, mchanga wa kiwandani, na alama za mashine kama matuta. Mi nilipaka wino mwembamba, nikarudisha, nikapandisha na kushusha nguzo, palipochubuka ndo panaguswa, nikapitisha tupa laini pale, narudia, taratibu, ukitaka haraka unaharibu. Kama bamba ikikaza kabisa nguzo haiendi na ukilegeza inacheza, weka vipande vya kopo la soda kati ya bamba na mwili, kopo la soda unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ukipanga kimoja au viwili kila upande unapata pale pale unapotaka. Halafu grisi kidogo, sio nyingi, grisi nyingi inakusanya vumbi la shaba na chenga za chuma na ukishapata huo mchanganyiko umejitengenezea msasa.

Ukishaikaza vizuri utagundua nguzo haidondoki tena yenyewe ukiachia mkono. Ile kudondoka inakera sana na ni hatari kwa vidole. Kama bado inashuka, funga springi ya stendi ya pikipiki kutoka kichwa cha presi mpaka kwenye mkono, inaubeba uzito wote, na nguzo inakaa popote ulipoiacha.

Sahani ya chini nayo usiisahau, yangu ilikuwa haikai hata flati, inayumba kama sufuria ya bati. Ilikerezwa nyuso zote mbili siku hiyohiyo ya nguzo. Halafu nikatengeneza sahani ya pili kutoka kipande cha bamba nene cha skrepa, yenye tundu moja katikati. Kupata katikati ya kweli sio kupima na rula. Chukua bolti yako ya M10 iliyochongwa ncha kali, ifunge kwenye pua, funga sahani isisogee, shusha presi mpaka ncha iache nukta. Hapo ndo katikati, kwasababu presi yenyewe imekwambia. Tundu ukilitoboa kwenye hiyo nukta, chochote cha juu na cha chini vinaoana milele, hata ukivua ukarudisha, mradi sahani uliiwekea pini ya kuikalisha palepale.

Sasa vichwa vyenyewe, maana hapa ndo utamu.

Cha kuingizia beringi kwenye nyumba yake (lile tundu la mwili wa mota inamokaa), mfano 6202 ambayo nje ni 35, ndani 15 na unene 11. Kichwa ni diski ya 34 na nusu, nikaichimba katikati ukabaki ukingo mwembamba tu wa kugusa ringi ya nje, na katikati kuna kidole cha 15 kasoro kinachoingia kwenye tundu la beringi. Kidole kinaishika beringi isikae upande, ukingo unasukuma ringi ya nje peke yake. Wote tunajua kanuni, beringi ikiingia kwenye nyumba sukuma ya nje, ikiingia kwenye shafti sukuma ya ndani, ukikosea nguvu inapita kwenye vigololi na vinaacha vishimo kwenye njia yao, mota inarudi baada ya muda mfupi inalia na mteja anasema ulimwekea beringi feki. Tofauti ni kwamba kwa nyundo unaijua kanuni ila huwezi kuifuata kila mara, kichwa kikiwa na umbo sahihi huna namna ya kuikosea.

Cha kuingizia kwenye shafti ni rahisi zaidi. Bomba la maji la nusu inchi, ndani ni kama milimita 16 na nje 21, linakaa sawasawa juu ya ringi ya ndani ya 6202. Nimekata kipande, ncha zote mbili zikakerezwa ziwe flati, kinavaa kwenye bolti ya M10 iliyowekewa bega. Kwa 6203 ambayo ndani ni 17 nimetumia kipande cha shafti laini kilichotobolewa. Za grainda, 608 na 629 na wenzao, vichwa vyake ni vidogo mno unaweza kuvichonga kwenye kichwa cha bolti chenyewe bila kuongeza chuma.

Cha kutolea ndo ninachokitumia kuliko vyote. Ni bolti yenye ncha ya shaba, nimetoboa kichwa cha bolti nikabandika kipande cha shaba kwa kukikaza. Kinasukuma shafti bila kuiumiza, maana ukisukuma na chuma kwa chuma ncha ya shafti inavimba kidogo kama uyoga na tundu la senta linakufa, siku ukitaka kuikereza hiyo rota huna pa kuishikia. Chini yake nina vibamba viwili vya nusu mwezi, unene wa milimita 10, vinaingia nyuma ya beringi na kushika ringi ya ndani, kwasababu mapengo ya sahani ya kiwandani ni mapana, yanashika ringi ya nje tu. Meza nayo nimeikata pengo mbele chini ya presi ili rota ipite ishuke, na chini kuna ndoo ina maranda ya mbao. Beringi ikiachia huwa inaachia ghafla na rota inadondoka, waya za stata (sehemu ya mota isiyozunguka) zipo mbali ila feni ya plastiki ya rota ikigonga sakafu ndo imeisha.

Cha tapu nacho usikipuuze. Bolti imechongwa ncha kama senta, inaingia kwenye kile kishimo cha nyuma ya tapu na kuishikilia wima wakati unaizungusha kwa spana yake. Huvuti presi kwa nguvu, unaegemeza mkono kidogo tu ifuate. Tangu nianze hivi kuvunja tapu kumepungua sana, na nyuzi zinasimama wima hata kwenye kipande chembamba.

Jirani yangu fundi viatu aliona akaomba nimtengenezee cha kukandamiza vile vipete vya matundu ya kamba, juu kichwa, chini kitako chake kwenye ile sahani ya pili. Sasa anakuja na mfuko mzima wa viatu, anamaliza anaondoka. Vijana wa boda wana chao cha kutolea pini ya cheni, ile 428 ambayo kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, kimetokana na shina la valvu mbovu lililosagwa likawa jembamba kuliko pini. Hicho kiwe kifupi iwezekanavyo, kirefu kinapinda kabla pini haijasogea.

Ila jueni mipaka yake. Ringi la pikipiki haliingii hapa, pengo kati ya nguzo na mwili wa presi ni dogo kuliko nusu ya ringi, hata ungefanyaje. Hizo nawaambia ukweli waende kwenye presi kubwa. Na usiuongezee mkono bomba refu ili upate nguvu zaidi. Mwili wa presi ni chuma cha kusubu, hakipindi kukuonya, kinapasuka mara moja na kipande kinaruka, na kabla ya hapo meno ya gia yanaweza kuwa yameshaondoka. Kitu kikigoma pasha moto nyumba ya beringi kidogo, au peleka kwenye jeki. Pia usitumie ringi ya beringi ya zamani au kipande cha tupa kama cha kusukumia, naona wengi wanafanya. Ni ngumu sana hizo, zikikandamizwa upande zinapasuka kama kioo, tena karibu na uso wako maana umeinama unaangalia. Miwani ile ya grainda iwe usoni.

Kuna swali huwa naulizwa, sasa ukishatoboa pua, kazi zile za kusukuma kitu kipana kwa pua bapa unafanyaje, au ile ya kusukuma kisu kirefu cha kuchonga njia ya funguo kwenye puli (ule mfereji wa kuzuia puli isizunguke peke yake kwenye shafti). Usitoboe pande zote mbili. Nguzo ukiichomoa ukaigeuza kichwa chini miguu juu, meno yanaingia kwenye gia vilevile. Upande mmoja una tundu, upande wa pili mwambie fundi aukereze tu uwe flati aache hivyo. Ila ule wa juu ukitaka unaweza kukata nyuzi ya M8 kwa ajili ya kifunga kina, unaweka bamba na nati mbili, nguzo ikishuka bamba inagota kwenye mwili na presi inasimama palepale kila mara. Ukiwa na bushi ishirini zinatakiwa ziingie kina sawa hutapima tena, na ukigeuza nguzo unafungua bolti moja pua inabaki na kishimo kidogo kisichosumbua.

Vichwa navitunza kwenye kipande cha mninga nilichokitoboa matundu ya 10, kila kimoja kimeandikwa namba ya beringi kwa kugongwa. Kukosa mpangilio sio tatizo tena, tatizo ni kwamba mafundi wenzangu nao wameanza kutoboa presi zao kwa kipimo hichohicho na sasa wanakuja kuazima. Cha 6203 kipo huko mtaa wa pili, na nina mota mbili mezani zinakisubiri.